Mtoto wa Clara yuko wapi?

Clara anatokea jukwaani amempakata mwanawe. Ni usiku wa joto katika ua wa Catfish Row, makazi ya watu weusi maskini mjini Charleston, South Carolina, kwenye pwani ya kusini mashariki ya Marekani. Pembeni wanaume wanajiandaa kucheza kamari ya dadu. Yeye anambembeleza mtoto: kiangazi kimefika na maisha ni mepesi, samaki wanarukaruka majini, pamba imerefuka shambani, baba yako tajiri, mama yako mrembo, basi nyamaza usilie. Ukweli katika hayo ni mdogo mno. Jake, baba wa mtoto, ni mvuvi anayehesabu senti. Pamba ni ya watu wengine. Na ubeti wa pili, unaomwahidi mtoto kwamba hakuna kitakachomgusa maadamu baba na mama wapo kando yake, unauma zaidi ukishajua kinachofuata. Kimbunga kinamkuta Jake baharini. Clara anamwachia mwenzake mtoto, anakimbilia nje kumtafuta mumewe, na hakuna kati yao anayerudi.

Huo ndio wimbo wa Summertime, kutoka opera ya Porgy and Bess. Watu wengi wanaujua kama wimbo wa raha, wa hoteli za ufukweni na karamu za harusi, na ni kweli unasikika vizuri upepo wa bahari ukivuma. Wakusanyaji wa rekodi wanahesabu matoleo yake kwa makumi ya maelfu. Kila aina ya muziki iliyokuja baadaye imeujaribu: soul, roki, rege, hip hop, muziki wa kompyuta. Nimeusikiliza kwa miaka mingi katika sura zote hizo, na polepole nimejijengea kipimo kimoja. Naulizia mtoto. Amepakatwa na nani? Ameachwa wapi? Anayeimba ni mama, ni baba, au ni mtoto mwenyewe ameshakua? Msanii anaweza kubadilisha mwendo, ala, hata maneno, na bado nikamwamini, ilimradi mtoto yumo. Mwingine anafuata kila noti ya Gershwin, mtunzi wake, kwa utii mkubwa, nami nasikia sauti nzuri inayouimbia ukumbi mtupu.

Kopi ya kwanza ya wimbo huu, kama wanamuziki wetu wa dansi wangeiita, imo ndani ya opera yenyewe. Clara anaurudia wimbo kimbunga kikiwa kinavuma, watu wamejifungia chumbani wakisali, na maneno ni yale yale ya maisha mepesi. Kisha, katika tendo la tatu, Clara ameshakufa, Bess anaupokea. Bess hakumzaa mtoto huyu. Ni mwanamke ambaye wanawake wa mtaa walimfungia milango, anayeng'ang'ana kuepuka dawa za kulevya, na sasa ana mtoto wa marehemu mikononi. Anamwimbia kwamba baba na mama wamesimama karibu naye. Kabla pazia halijashuka, Bess naye ameshawishiwa kwenda New York na mtoto amebaki kwa jirani. Muziki ni ule ule, na maana imegeuka kabisa kwa sababu mpakataji amebadilika. Waliokuja baadaye walikuwa na mfano wa kazi yao tayari, kama walijali kuutazama.

Wimbo wenyewe umetoka kwenye mikono mingi. Maneno ni ya DuBose Heyward, mzungu wa Charleston kutoka ukoo wa heshima uliokwisha kufilisika, aliyewahi kufanya kazi bandarini kati ya wapakizi weusi wa pamba. Riwaya yake ya Porgy ilitoka mwaka 1925. Muziki ni wa George Gershwin, mzaliwa wa Brooklyn, mwana wa Wayahudi waliohama kutoka Urusi. Kiangazi cha 1934 Gershwin alikwenda kuishi Folly Beach, karibu na Charleston, akahudhuria ibada za Wagullah, uzao wa Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya mpunga na pamba ya pwani ile na visiwa vyake. Hata hivyo wimbo wa Clara alikuwa ameshaanza kuutunga kabla ya safari hiyo. Hakunakili wimbo wowote wa Wagullah. Alitaka nyimbo zake mwenyewe zisikike kana kwamba watu wamekuwa wakiziimba siku zote, na kwa huu alifaulu kiasi kwamba wapo wanaodhani hauna mtunzi.

Opera ya Porgy and Bess ilianza kuonyeshwa Boston tarehe 30 Septemba 1935, ikahamia kumbi za Broadway mjini New York mwezi uliofuata, ikachezwa mara 124 na kufungwa kwa hasara. Clara wa kwanza alikuwa Abbie Mitchell. Tunayo sauti yake, kutoka mazoezi ya Julai 1935, Gershwin mwenyewe akiongoza. Ni sauti ya soprano ya juu na nyepesi, ya mwanamke aliyesomea kuimba, na kwa masikio yaliyozoea matoleo ya jazi inashangaza. Lakini albamu ya kwanza ya nyimbo za opera hiyo kutoka kampuni ya Victor, iliyorekodiwa siku chache baada ya kufika Broadway, iliimbwa na wazungu wa Metropolitan Opera, Lawrence Tibbett na Helen Jepson. Mwaka 1959 ikaja filamu. Clara aliigizwa na Diahann Carroll, mwimbaji mzuri kwa haki yake, na bado sauti inayotoka kinywani mwake ni ya soprano mzungu, Loulie Jean Norman. Naitazama sehemu hiyo kwa uchungu kila mara. Mtoto amelala kifuani kwa mwanamke mweusi, na mwanamke huyo amenyang'anywa hata sauti ya kumbembelezea. Wasimamizi wa haki za Gershwin wamekuwa wakitaka opera hii, ikiimbwa kwa Kiingereza jukwaani, iimbwe na weusi peke yao, na ukijua historia hii unaelewa kwa nini sharti hilo lina uzito. Ndiyo maana sipati shida na mtu anayeubadilisha wimbo. Anayedai turudi kwenye asili anionyeshe kwanza asili ni ipi kati ya hizo.

Kuhusu muundo nitasema kidogo tu. Rafiki yangu mmoja, mpiga gitaa katika bendi ya hoteli hapa Dar es Salaam, ndiye aliyenionyesha kwamba karibu sauti yote ya wimbo imetengenezwa kwa noti tano, zile zile zinazobeba nyimbo nyingi za ngoma zetu, na kwamba chini yake ala zinayumba kati ya mahali pawili, huku na huku, kama mtu anayetikisa susu la mtoto. Ufunguo ni wa maina, ule wa majonzi. Kwa hiyo maneno yanasema raha na muziki unasema kilio, kwa wakati mmoja. Mpigaji yeyote akishashika yale mayumbo mawili anaweza kuongeza juu yake chochote: rumba, bluzi, hata chakacha. Bendi ya rafiki yangu huupiga kwa mwendo wa rumba karibu kila wiki na unakaa vizuri.

Billie Holiday aliurekodi Julai 1936 akiwa na miaka 21. Tarumbeta ya Bunny Berigan inanguruma tangu mwanzo, klarineti ya Artie Shaw inajibu, mwendo ni wa kuchezeka na dakika tatu hazifiki. Ni toleo la kwanza kuingia kwenye chati za mauzo. Sisikii susu hapo. Ninachosikia ni mama anayefanya kazi usiku, mtoto kamwacha nyumbani kwa mtu, na anamwimbia kutoka mbali katikati ya kelele za watu wanaokunywa. Juni 1939 Sidney Bechet wa New Orleans akaupuliza kwa saksafoni ya soprano kwa ajili ya Blue Note, lebo changa iliyoanzishwa mwaka huo huo na Alfred Lion, mhamiaji kutoka Berlin. Santuri hiyo ndiyo iliyoipa lebo mafanikio yake ya kwanza. Bechet hana maneno, ila mtetemo wa sauti yake ni mpana kiasi kwamba unaona koo la mtu anayejizuia asilie mbele ya mtoto.

Ella Fitzgerald na Louis Armstrong walirekodi nyimbo za opera hii mwaka 1957. Tarumbeta ya Louis inatangulia, violini zinatandika, Ella anaimba ubeti wake kwa utulivu wa mtu asiye na haraka, kisha Louis anaingia kwa sauti yake ya mikwaruzo. Kuna kitu hapa ambacho sijakipata kwingine: baba yupo nyumbani. Matoleo karibu yote yana mama peke yake, na baba tajiri anatajwa tu. Hapa unamsikia chumbani, anaguguma nyuma ya mkewe, anaokota maneno na kuyaangusha. Kwa dakika chache ahadi ya ubeti wa pili inatimia, wazazi wote wawili wamesimama pale. Ninapotaka kumpa mtu toleo moja tu la kuanzia, nampa hili, ingawa si lile ninalolipenda zaidi.

Miles Davis na Gil Evans, mwaka 1958, waliondoa waimbaji wote. Miles amefunga tarumbeta yake kwa kizibo cha chuma na inatoka nyembamba, ya siri. Nyuma yake wapulizaji wanarudia kipande kifupi kimoja, tena na tena, mwanzo hadi mwisho, na hicho ndicho susu. John Coltrane, Oktoba 1960, alifanya kinyume. Kwa zaidi ya dakika 11 anaurarua wimbo kwa saksafoni ya tena, Elvin Jones anapiga ngoma kama bahari iliyochafuka. Watu husema Coltrane aliusahau wimbo. Mimi husema aliukumbuka wote. Yeye anapiga kile kimbunga.

Lakini toleo ambalo nimelibeba moyoni kuliko yote ni la Mahalia Jackson, la mwaka 1956. Mahalia alikuwa malkia wa injili kutoka New Orleans aliyehamia Chicago, na alijulikana kwa kukataa nyimbo za dunia. Watu walimpa fedha nyingi aimbe bluzi akakataa. Summertime si wimbo wa kanisa. Alichofanya ni kuushona na wimbo wa kiroho wa enzi za utumwa, Sometimes I Feel Like a Motherless Child, ambao kwaya ya Fisk Jubilee Singers ilikuwa ikiuimba tangu miaka ya 1870. Sauti za nyimbo hizi mbili zinafanana sana, na wataalamu wengi wamesema huenda Gershwin alikuwa na wimbo ule masikioni alipotunga. Mahalia hakuandika makala kueleza hilo. Aliuimba mmoja, akaingia kwenye mwingine bila kushusha pumzi, kisha akarudi.

Fikiria anachokifanya. Katika wimbo wa kwanza anayeimba ni mama mwenye mtoto mikononi. Katika wa pili anayeimba ni yatima: wakati mwingine najiona kama mtoto asiye na mama, mbali sana na kwetu. Kwa kuziunganisha, Mahalia anamfikisha mtoto wa Clara mwisho wa safari yake. Mtoto amekua, mama hayupo, kimbunga kilishapita zamani, na wimbo wa kubembelezwa ndio kitu pekee alichobaki nacho. Na kwa sababu wimbo wa kiroho ulizaliwa katika nchi ambako watoto waliuzwa mbali na mama zao, maana inapanuka kupita opera nzima. Pamba iliyorefuka, ambayo Heyward aliiweka kama picha ya neema, ghafla inakuwa ndiyo sababu ya mtoto kukosa mama. Mahalia haongezi hata neno moja la maelezo.

Nilimsikilizisha mama yangu toleo hilo siku moja nyumbani Tanga. Mama ni mwanakwaya wa siku nyingi na Kiingereza chake ni cha dukani tu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu dada kafiwa na nani?" Nikamwambia wimbo ni wa kumlaza mtoto. Akatikisa kichwa. "Anamlaza, ndiyo. Lakini analia mamaye." Sikuwa na cha kuongeza.

Mama analijua hilo kutoka mbali. Nyimbo za kubembeleza watoto za pwani zina tabia hiyo hiyo. Mtoto anaambiwa alale, na ndani ya wimbo kuna mume aliyesafiri asirudi, kuna njaa, kuna wifi, kuna jirani mwenye maneno. Mtoto haelewi, na ndiyo maana mama anaweza kuyasema. Nadhani ni kwa sababu hii Summertime haijawahi kunisikikia kama wimbo wa kigeni.

Baada ya Mahalia, wimbo ulitoka kanisani kwa mlango mwingine. Sam Cooke, aliyekuwa nyota wa kundi la injili la Soul Stirrers, alipovuka kwenda muziki wa dunia mwaka 1957 santuri yake ya You Send Me ilikuwa na Summertime upande wa pili. Anauimba laini, mno kwa ladha yangu. Billy Stewart, mwaka 1966, aliupasua kwa midomo, akirudia maneno kwa kasi na kutetemesha ulimi kama mtoto anayecheza gari la kopo, akafika nafasi ya 10 kwenye chati ya Billboard. Ni furaha tupu na naipenda. Ukitafuta mtoto humo, utamkuta ameamka na anarukaruka kitandani.

Kisha Janis Joplin. Alitoka Port Arthur, Texas, mji wa viwanda vya mafuta, akakimbilia San Francisco na kuimba na bendi ya Big Brother and the Holding Company. Albamu yao ya Cheap Thrills ya Agosti 1968 ilikaa wiki nane juu ya chati za Marekani, na ndani yake kuna Summertime. Magitaa mawili yanaanza kwa kusukana polepole. Sam Andrew, mmoja wa wapiga gitaa hao, alieleza kwamba mpangilio huo aliutoa kwenye utangulizi wa Bach wa ufunguo wa C maina. Muziki wa kinanda wa Kijerumani wa karne ya 18, umeme wa San Francisco, na wimbo wa mama mweusi wa Charleston, vyote mahali pamoja. Halafu anaingia Janis, na sauti yake imepasuka tangu neno la kwanza.

Mara nyingi watu wanamshutumu kwa kupiga kelele kwenye wimbo wa kumlaza mtoto. Msikilize mwishoni. Anafika pale pa kumwambia mtoto asilie na hawezi kupita. Anarudia, usilie, usilie, hapana, hapana, usilie, na kila mara sauti inapanda na kukatika zaidi, mpaka unagundua kwamba anayelia chumbani humo si mtoto. Mwanamke wa miaka 25 anajibembeleza mwenyewe kwa maneno ambayo hakuna mtu wa kumwambia. Alikufa miaka miwili baadaye, Oktoba 1970, akiwa na miaka 27. Kuna watu wanaoona si haki mzungu wa Texas kuchukua wimbo huu na kuupigia ukelele, na hoja hiyo naiheshimu, hasa nikikumbuka kile walichomfanyia Diahann Carroll. Lakini pale sauti ya mzungu iliwekwa badala ya ile ya Clara. Janis haigizi Clara hata kidogo. Anaimba kama mtoto aliyeahidiwa kwamba hakuna kitakachomdhuru.

Njia ya rege na hip hop ilipitia kwa mpiga filimbi. Novemba 1961 Herbie Mann alirekodi onyesho lake katika klabu ya Village Gate, New York, na Summertime ilikuwamo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, kundi la Sublime kutoka Long Beach, California, waliokuwa wakichanganya rege, panki na hip hop, walikata kipande cha rekodi hiyo, wakakizungusha na kukiwekea ngoma nzito. Bradley Nowell akaimba juu yake habari za kijana anayeteswa na mpenzi wake. Wimbo ukaitwa Doin' Time, yaani kutumikia kifungo, na kwenye kibwagizo Nowell alikuwa ameimba maneno hayo badala ya neno la Heyward, summertime. Wenye haki za Gershwin waliruhusu kwa sharti kwamba neno la asili lirudi. Nowell hakuweza kurudi studio. Alikufa San Francisco tarehe 25 Mei 1996, akiwa na miaka 28, kwa dawa za kulevya, miezi miwili hivi kabla albamu haijatoka. Rafiki wa bendi, Michael Happoldt, ndiye aliyeimba kibwagizo upya.

Kwa kipimo changu Doin' Time ilipaswa kuanguka. Hakuna mtoto humo. Maisha mepesi ya Clara yamekuwa maisha ya kijana asiye na kazi wala raha, na mama amegeuka mpenzi katili. Ila nikiusikia, nakumbuka kwamba Nowell aliacha mtoto wa kiume wa miezi 11, Jakob. Wimbo ulioondoa mtoto ukaimbwa na baba ambaye hakudumu kando ya mtoto wake. Hakuna aliyepanga hivyo, na sitaki kufanya kifo cha mtu kiwe fumbo la kifasihi. Nasema tu kwamba siwezi kusikia sauti hiyo bila kuliona hilo. Jakob Nowell alikua mwanamuziki. Aprili 2024 alisimama kwenye jukwaa la tamasha la Coachella na wenzake wawili wa baba yake, Bud Gaugh na Eric Wilson, akiziimba nyimbo za baba yake kwa jina la Sublime.

Mwaka 2019 Lana Del Rey aliimba Doin' Time, kwa hiyo hiyo ni kopi ya kopi ya rekodi ya filimbi ya wimbo wa opera. Hakubadilisha jinsia ya maneno, na kwenye video anatembea kama jitu juu ya majumba ya Los Angeles. Imetengenezwa vizuri, imeuza, na inaniacha mkavu. Kila kitu ndani yake ni ladha ya kiangazi: mwanga, bwawa, gari la zamani. Wimbo huu ukiondolewa hofu unabaki na hali ya hewa tu. Ndivyo ninavyoona pia matoleo mengi ya kompyuta yanayopigwa kwenye baa za ufukweni. Morcheeba, waliouimba mwaka 1998 pamoja na mpiga filimbi Hubert Laws kwenye albamu ya heshima kwa Gershwin, ndio walioweza kuutuliza hivyo bila kuumaliza, kwa sababu Skye Edwards anaimba kama anayehofia kumwamsha mtu.

Angélique Kidjo wa Benin aliuimba kwa Kifon. Maneno ya pamba na samaki yakapita kwenye lugha ya Afrika Magharibi, eneo ambalo mababu wengi wa watu wa Charleston walisafirishwa kutoka kwake, na sauti zile tano zikakaa humo bila kuomba ruhusa. Na kwenye shindano la American Idol la mwaka 2004, Fantasia Barrino wa North Carolina, miaka 19, mama wa mtoto mdogo aliyekuwa akimlea bila mume, aliketi chini sakafuni mwa jukwaa na kuuimba. Ni shindano la televisheni, kuna majaji na matangazo, na mimi si mpenzi wa vipindi hivyo. Lakini tazama anavyoimba mstari wa kunyamaza usilie. Macho yake yanateremka mahali ambapo mtoto angekuwa. Alilishinda shindano hilo, na toleo lake ni la mtu anayejua maziwa ya kopo yanauzwa bei gani.

Kuna toleo moja ambalo nalitamani. Ningependa mwimbaji wa taarabu, wa Unguja au Mombasa au Tanga, aurekodi kwa Kiswahili. Mwimbaji wa taarabu ana ujuzi ambao wimbo huu unauhitaji kuliko sauti kubwa: anaweza kumwimbia mmoja huku akimsemea mwingine, akiwa ametulia kwenye kiti, bila kupepesa. Pamba iwe karafuu, maana visiwani nako wapo waliochuma utajiri usio wao. Jake ataeleweka bila maelezo, kila kijiji cha pwani kina jahazi ambalo halikurudi. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ipewe yale mayumbo mawili, violini ziingie ubeti wa pili, na mwimbaji asiharakishe. Na tafadhali, asiwe binti mchanga mwenye sauti safi. Awe mama aliyekwisha kulea watoto wa wenziwe. Wanapatikana, wapo kwenye vikundi vya mitaani wakiimba harusi kila Jumamosi, na kama wewe unayesoma unamjua mmoja, mpelekee kwanza lile la Mahalia.